Vita Nilivyovirefusha kwa Siku Kumi na Tano

Vita vya yule bibi vilianza tarehe mbili Aprili, saa nne asubuhi, baada ya kahawa, kwenye meza ya jikoni ya nyumba moja mjini Columbia. Mimi niliviona vikianza mara moja tu. Binti yake aliniambia vimekuwa vikianza hivyohivyo kila mwaka, kwa miaka minne mfululizo, tangu kumbukumbu za mama yake zilipoanza kumponyoka.

Nilikuwa mhudumu wake wa mchana. Nilitoka kwangu Bladensburg saa kumi na mbili asubuhi, nikaendesha kuelekea kaskazini kabla magari hayajajaa, na saa moja nilikuwa mlangoni kwake. Nilimwogesha, nikamvisha, nikampa uji na dawa, nikamtembeza kando ya ziwa ambako bata bukini hawampishi mtu njia. Kila nilichofanya nilikiandika kwenye fomu, saa na dakika. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa mwandishi wa habari katika redio ndogo kule Njombe, na mazoea ya kuandika hayakuniacha. Watu wetu wakiulizwa wanafanya kazi gani huku, hujibu kwa mzaha kwamba wanabeba boksi, yaani wanafanya kazi yoyote ya mikono. Boksi langu lilikuwa mtu wa miaka themanini na nne, mwenye mikono iliyojua kufuma hata pale kichwa kilipokuwa kimesahau jina la mwezi.

Alikuwa Mwargentina. Alihamia Maryland alipofiwa na mumewe, kumfuata binti aliyekuja kusoma akabaki. Nilimwita Bibi, akalipenda neno hilo. Tulizungumza Kiingereza, lugha tuliyoiazima sote wawili, kila mmoja na makosa yake, na tulielewana vizuri.

Mwishoni mwa Machi binti yake alinikalisha chini. Alikuwa akifundisha chuo kikuu upande wa Fairfax, ng'ambo ya mto Potomac, mwanamke wa miaka karibu sitini aliyezoea kueleza mambo kwa mpangilio.

"Mwezi ujao Mama atarudi vitani," alisema, kwa sauti ya mtu anayenijulisha kwamba mgonjwa atabadilishiwa dawa.

Kisha akanieleza. Visiwa vyenyewe viko mbali kusini mwa bahari ya Atlantiki, mahali pa upepo na kondoo. Kwao vinaitwa Malvinas. Waingereza, waliokuwa wakivitawala, wanaviita Falkland. Mwaka 1982 majenerali walioitawala Argentina walipeleka jeshi, wakavitwaa asubuhi moja. Waingereza wakatuma meli kutoka upande mwingine wa dunia. Vita vilidumu siku sabini na nne, na kaka yake, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa huko. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa mwanajeshi wa kazi, alikuwa kijana aliyeitwa kutumikia mwaka wake wa lazima.

"Alirudi?" nikauliza.

"Hapana."

Akatoa daftari la shule lenye jalada la bluu, na pamoja nalo kurasa alizozitafsiri na kuzipiga chapa. Wakati wa vita, kila siku saa nne, mama yake aliketi karibu na redio akaandika kilichotangazwa. Sasa kila ikifika Aprili huketi hivyohivyo na kudai taarifa ya habari. "Msomee ukurasa wa siku hiyo," alisema binti. "Usimsahihishe. Tarehe kumi na nne Juni, siku jeshi letu liliposalimu amri, ukurasa hauna kitu. Siku hiyo nitabaki nyumbani. Atauliza habari za mwanawe, mimi sitajibu, na yeye mwenyewe atasema amekufa. Atawasha mshumaa, atalia. Kesho yake ataomba kahawa, na vita vitakuwa vimekwisha hadi Aprili nyingine."

Hayo ndiyo yalikuwa maagizo. Niliyaandika.

Aprili ile, miti ya mtaani ikiwa imejaa maua meupe, nilisoma habari kwa sauti niliyoitumia zamani kwenye kipaza sauti. Bibi alinisikiliza ameinamisha kichwa, sindano za kufuma zikienda. Siku ya kwanza daftari lilisema watu wamejaa kwenye uwanja mkuu wa jiji na bendera, wanaimba. Siku zilizofuata lilisema meli za adui zimeng'oa nanga lakini safari ni ndefu, huenda wakapatana njiani. Aliandika pia mambo yake: amefuma soksi jozi mbili, amepeleka chokoleti mahali pa kukusanyia vitu vya askari, mume wake hataki kuzungumza mezani.

Wakati wa mapumziko ya chakula niliingia kwenye simu yangu nikalinganisha. Ni tabia niliyofundishwa na mhariri wangu, kwamba taarifa ya serikali moja ni nusu ya habari. Niligundua kwamba kadiri Mei ilivyosonga, redio ya bibi ilizidi kushinda, na vita vyenyewe vilizidi kushindwa. Kila siku meli za adui zilikuwa zinazama na vijana walikuwa na moyo mkuu. Habari za msiba zilipenya kidogo tu. Mwanzoni mwa Mei meli kubwa ya kivita ya kwao ilizamishwa, wakafa zaidi ya watu mia tatu, na siku hiyo bibi aliandika kurasa tatu. Siku mbili baadaye meli ya Waingereza nayo ikapigwa ikaungua, na bibi akaandika mstari mmoja: nao wana mama zao.

Baada ya hapo Waingereza waliteremka pwani, wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea mji mdogo wa pekee ulioko kule, kilima baada ya kilima. Daftari halikuyajua hayo. Mimi niliyajua. Kwa mara ya kwanza maishani nilisoma, kwa sauti tulivu ya taarifa, habari ambazo nilijua si za kweli, na msikilizaji wangu pekee alikuwa akizifumia soksi.

Barua ya mwanawe ilikuwa imebanwa kwa pini kwenye ukurasa wa Mei. Ilikuwa fupi. Aliandika kwamba wanalala kwenye mashimo yenye maji, kwamba yuko salama, na kwamba mama, ukipata njia, nitumie mkate. Bibi alitaka niisome kila siku baada ya habari. Nikishaisoma alisema, "Mkate mwingine haufiki. Wanaula njiani."

Juni iliingia na joto lake la huku, lile la kunata mwilini. Bibi alivaa sweta mbili na kunikataza kuwasha kiyoyozi. "Huko ni baridi," alisema. Majirani walimwona akitembea ziwani na koti la sufu wakatikisa vichwa. Mimi sikushangaa. Nimezaliwa mahali ambapo Juni ni mwezi wa baridi kali, asubuhi majani ni meupe kwa jalidi na watoto huenda shule wakipuliza viganja. Pengine katika mtaa ule wote nilikuwa mtu pekee, ukimwondoa yeye, ambaye mwili wake unajua kwamba Juni ni baridi. Nilizima kiyoyozi nikatoka jasho.

Kisha ikaja tarehe kumi na nne. Ilikuwa Ijumaa. Binti alikuwa ameomba ruhusa kazini, lakini asubuhi alilazimika kwenda kutia saini karatasi fulani, akaahidi kurudi kabla ya saa nne. Saa nne kasoro robo alinipigia kutoka barabarani. Lori lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya mzunguko, magari yote yamesimama. "Mcheleweshe," alisema.

Nilijaribu. Nilimwongezea kahawa. Nilimwonyesha uzi mpya. Saa ya ukutani ikaonyesha saa nne, akaweka sindano chini.

"Habari," alisema.

Nikafungua daftari. Ukurasa ulikuwa na tarehe tu, kwa mwandiko wake, na chini ya tarehe weupe mtupu. Nikasema, "Leo hakuna taarifa, Bibi."

Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea. "Na mwanangu?"

Maagizo yalikuwa kutojibu. Lakini aliyepaswa kutojibu ni binti yake, na mimi nilikuwa peke yangu naye. Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa peke yake, na wala huuachi uso wa mama ukikuangalia bila kuupa neno. Kuna utaratibu. Kwanza unasema anaumwa. Baadaye unasema amezidiwa. Wakati huo watu wanatafutwa, wanakuja mmojammoja, wanaketi, na aliyefiwa anaziona sura zao na kuelewa kabla hajaambiwa. Baba yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia simu akasema, "Baba anaumwa kidogo, dada, usihofu." Kwa namna alivyosema usihofu nilijua. Nilikaa kitandani nikangoja, na baada ya saa moja wanawake wawili wa kanisani kwetu walibisha mlango wakiwa na sufuria la wali na chupa ya chai. Nililia kabla hawajavua viatu. Karatasi zangu hazikuniruhusu kusafiri kwenda kumzika, na sijui ningefanyaje siku ile kama neno lile lingenifikia kwa simu, wazi, mimi na kuta nne.

Basi nikamwambia Bibi, "Anaumwa. Yuko hospitali."

Nilisubiri ainamishe kichwa. Badala yake uso wake ulifunguka. Sijawahi kuona furaha ikimwingia mtu kwa haraka namna ile.

"Anaumwa!" alisema. "Anaumwa! Yuko ndani, basi. Amelala kitandani. Haloani." Akasimama bila kushikwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu majira ya baridi. "Lete koti langu. Lete mkate."

Binti yake alipofika, saa tano na nusu, alimkuta mama yake mlangoni amevaa koti na kofia, mkononi ameshika mkate uliofungwa kwenye kitambaa, akimuuliza hospitali iko umbali gani.

Tulimdanganya kwamba si saa ya kutazama wagonjwa. Alipolala mchana, binti alinipeleka gereji, akafunga mlango.

"Ni nani aliyekupa ruhusa?" aliuliza. Hakupiga kelele. "Miaka minne nimekuwa nikimzika kaka yangu kila Juni. Wewe umemfufua. Sasa utamzika wewe."

Nilisema samahani, na nilijua samahani haitoshi.

Kesho yake, Jumamosi, bibi hakuomba kahawa. Aliomba koti. Jumatatu niliporudi kazini alikuwa bado anaomba koti. Jambo ambalo hakuna daktari aliyeweza kutueleza ni kwamba alisahau alichokula dakika kumi zilizopita, lakini hili hakulisahau. Kila mlo alikula nusu ya mkate wake, nusu nyingine akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye mfuko wa koti. Kisha akaacha hata ile nusu ya kwanza. Niliandika kwenye fomu: amekunywa chai, amekataa kula. Siku iliyofuata niliandika hivyohivyo. Alianza kupungua mashavu. Muuguzi aliyekuja kila wiki alimpima uzito akanitazama mimi. Mimi, na binti yake mwisho wa wiki, tulikuwa tumesoma vita vile kurasa sabini na tatu bila kuongeza neno, na neno la kwanza nililoliongeza lilivizuia kuisha.

Nyumbani nilimweleza jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mkenya anayefanya kazi kama yangu. Alikuwa ameketi jikoni kwangu na mwanamke mwingine wa jengo letu, Mkongo wa kutoka Bukavu anayepika kwenye jiko la hospitali.

"Ati ulimwambia ako hospitali?" Mkenya aliuliza. "Ai, dadangu. Hapo uliharibu kabisa. Nyinyi Watanzania mtaficha kifo mpaka maiti ajitangaze mwenyewe."

"Na nyinyi mnatangaza kabla mtu hajakata roho," nikamjibu.

"Heri sisi. Angalau watu wanajua kama wanapika ama hawapiki."

Mkongo hakucheka. "Huyu mama," alisema, "mutoto wake alikufa ku vita?"

"Ndiyo. Zaidi ya miaka arobaini iliyopita."

"Na watu walikuya kuikala naye? Kulia naye?"

Nilikuwa sijawahi kujiuliza. Nilimuuliza binti siku iliyofuata, na jibu lake lilinikaa kifuani. Hapana, alisema. Mama yake aliletewa karatasi ya kwamba mwanawe hajulikani alipo, baadaye karatasi nyingine ya kwamba amefariki. Vita vilikuwa vimeshindwa, na nchi nzima haikutaka kuvizungumzia. Walioimba uwanjani walivuka barabara wakimwona. Hakukuwa na mwili, hakukuwa na kaburi, kwa hiyo hakukuwa na siku ya kuja.

"Na kaburi hadi leo halipo?"

Hapo akaniambia jambo ambalo hakuwa amenieleza. Wafu wengi wa upande wao walizikwa kulekule visiwani chini ya misalaba meupe, bila majina, msalaba ukisema tu kwamba huyu ni askari anayejulikana na Mungu. Miaka michache iliyopita wataalamu walilinganisha mifupa na damu za ndugu. Yeye alitoa damu yake. Barua ikaja kwamba kaka yake amepatikana. Ilikuja wakati uleule mama yake alipoanza kusahau, na yeye akaiweka kwenye droo ya soksi. "Kila Juni alimaliza mwenyewe," alisema. "Sikuona sababu ya kuongeza chochote."

Tukatazamana. Tulikuwa wawili tuliokuwa tumemficha Bibi.

"Kwenu," aliuliza, "baada ya kusema anaumwa, kinafuata nini?"

"Watu wanakuja."

"Basi walete."

Walikuja Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa nne asubuhi. Niliwapakia kwenye gari langu, Mkenya mbele na masufuria ya wali na mchuzi mapajani, Mkongo nyuma na chupa mbili za chai. Mkenya alilalamika njia nzima kwamba mchuzi utamharibia nguo ya kanisani. Tulipofika mlangoni alijifunga kanga yangu kiunoni.

Tulivua viatu. Tukatandika mkeka sebuleni, tukaketi chini, kama tungeketi kwa mtu wetu yeyote. Binti alisimama karibu na dirisha na bahasha. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, koti mwilini, anafuma.

"Hawa ni akina nani?" aliniuliza.

"Ni watu wangu, Bibi. Wamekuja kukuona."

Aliwatazama. Nilikuwa nimepanga la kusema, nimelirudia tangu Bladensburg, lakini Mkongo alitangulia. Alianza tu kulia, taratibu, ameshika magoti yake. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa na kaka huko kwao aliyechukuliwa na watu wenye bunduki, na hajui mahali alipotupwa. Hakuwa akimlilia mtoto wa bibi peke yake.

Bibi aliweka sindano mapajani. Akamtazama yule mwanamke anayelia, akamtazama Mkenya, akayatazama masufuria, akanitazama mimi.

"Wapi?" alisema.

Nilimpa habari kama nilivyofundishwa kuitoa, kilicho kikubwa kwanza. "Amefariki, Bibi. Alifia kilimani juu ya mji, usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili Juni. Zilibaki siku mbili vita viishe."

Alifumba macho. Binti akafungua barua, akaisoma kwa lugha yao, sauti ikikatika. Sikuelewa maneno lakini nilisikia namba, na baadaye nilijua ni namba ya mstari na ya kaburi. Bibi akauliza swali. Binti akanigeukia na kunitafsiria, labda kwa sababu alihitaji kupumua. "Anauliza ni nani aliyemfunika."

Jibu lilikuwemo kwenye barua. Baada ya vita afisa mmoja kijana wa Waingereza alipewa kazi ya kuwakusanya wafu waliobaki vilimani. Hakuwajua majina. Aliwasitiri mmojammoja kwa uangalifu, akaandika mahali alipomkuta kila mmoja, na kwa sababu ya uangalifu huo ndiyo majina yaliweza kurudi.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa Kiingereza, ili nasi tusikie, "Mama yake alimlea vizuri."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kama binti alivyonieleza, kilio cha kila mwaka cha mshumaa na kitambaa. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na Mkenya, yeye wa mizaha, alinyanyuka akaenda kumkumbatia kichwa na kumwambia, "Pole, nyanya. Pole. Lia tu." Binti yake alishuka chini kwenye mkeka, magotini pa mama yake, na sisi tukawaacha.

Muda mrefu baadaye bibi aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Alitoa vitambaa kimoja baada ya kingine, vile vya wiki mbili, akavifungua mapajani. Mkate ulikuwa umekauka kama kuni. Akaumega, akatugawia kila mmoja kipande, akabakiza chake, akakichovya kwenye chai na kula. Tulikula wote. Mimi nilitafuna nikiangalia saa, kwa mazoea, na Jumatatu niliandika kwenye fomu kwamba amekula.

Jumapili aliomba kahawa.

Februari iliyofuata alipelekwa hospitali kwa sababu ya kichomi, binti yake akiwa pamoja naye, mimi nikiwa kwangu siku ya mapumziko. Theluji ilikuwa imeanguka Bladensburg, mtaa mzima kimya. Simu ililia mchana.

"Mama anaumwa kidogo," alisema binti. "Njoo, lakini usihofu."

Nilisimama na simu mkononi. Kisha nikamgongea Mkenya dari kwa ufagio, na wakati akiteremka ngazi nilikuwa nimeshabandika wali.